Jinsi ya Kuliuliza Ghala la Picha za Dunia

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi wanajua kwamba ziko setilaiti zinazoizunguka dunia na kupiga picha za nchi kavu na bahari. Walio wachache ndio wajuao kwamba picha hizo hazitupwi, bali huwekwa katika hifadhi kubwa, na kwamba mtu ye yote mwenye kompyuta na intaneti aweza kuzitafuta na kuzichukua bila kulipa hata senti moja. Na walio wachache zaidi ni wale wajuao namna ya kuzitafuta. Katika makala haya nataka kueleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo, kwa kuwa ni elimu iwezayo kutufaa sisi wanafunzi, na wazazi wetu pia, hasa walio wakulima.

Nitachukua mfano wa mlima Kilimanjaro, kwa sababu mbili. Kwanza, mlima huu uliwahi kuleta ubishi mkubwa kwa kukosa ushahidi. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona kwa macho yake, akaandika kwamba una theluji kileleni. Huko London mtaalamu wa jiografia aitwaye William Desborough Cooley alikataa katakata, kwani aliona haiwezekani theluji kukaa karibu na Ikweta. Wachagga waliokuwa wakiishi chini ya mlima wenyewe hawakuulizwa neno. Ubishi ule ulidumu zaidi ya miaka kumi.

Pili, ubishi bado uko, ila umegeuka. Katika mdahalo wa shule yetu muhula huu, wasemaji wawili walishindana juu ya barafu ya mlima huo. Mmoja alionyesha picha ya setilaiti yenye kilele cheupe tele, akasema barafu ingalipo kama zamani. Wa pili alionyesha picha yenye vipande vidogo vyeupe juu ya mwamba mweusi, akasema barafu imekwisha. Picha zote mbili zilikuwa za kweli. Kura zikapigwa, lakini kura haiwezi kuongeza wala kupunguza barafu. Tulichokosa siku ile si picha, bali ni maarifa ya kujua picha zimetoka wapi na zilichaguliwa namna gani.

Basi na tuanze na hifadhi zenyewe. Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ambayo baadaye iliitwa Landsat 1, na kazi yake ilikuwa kuchunguza uso wa nchi. Tangu siku hiyo zimefuata nyingine za ukoo ule ule. Landsat 5 ilirushwa mwaka 1984, nayo ilitengenezwa kwa kazi ya miaka mitatu tu, lakini ilidumu hadi mwaka 2013. Landsat 8 ilirushwa mwaka 2013 na Landsat 9 mwaka 2021. Kila moja ya hizi mbili huzunguka kwa kimo cha kilomita 705 na kurudi juu ya mahali pale pale kila baada ya siku 16. Kwa kuwa zinapokezana, mahali pamoja hupigwa picha kila baada ya siku 8.

Picha hizo huhifadhiwa na Idara ya Jiolojia ya Marekani, katika kituo kiitwacho EROS, karibu na mji wa Sioux Falls katika jimbo la South Dakota. Zamani ziliuzwa, picha moja ya Landsat 7 iligharimu dola 600. Mwaka 2008 ilikatwa shauri kwamba zitolewe bure kwa watu wote, na katika mwaka wa kwanza tu zilichukuliwa picha zaidi ya milioni moja. Mlango wa hifadhi hiyo katika intaneti huitwa EarthExplorer. Shirika la NASA nalo lina hifadhi yake, ambayo mlango wake huitwa Earthdata Search, na humo mna habari za mvua, joto, moto, bahari na hewa. Milango ni miwili, lakini namna ya kupiga hodi ni moja.

Kabla ya kupiga hodi, yafaa kujua kile tunachokwenda kukitafuta. Picha ya setilaiti si picha kama ile ya harusi. Kwa hakika ni jedwali kubwa la namba. Nchi imegawanywa katika miraba midogo, ambayo kila mmoja huitwa pikseli, na kila mraba una namba ionyeshayo ni mwanga kiasi gani uliorudi juu kutoka hapo. Kwa Landsat za siku hizi, mraba mmoja una mita 30 kwa mita 30, yaani mita za eneo 900. Kwa hiyo kilomita moja ya eneo ina miraba 1,111 hivi. Ng'ombe haonekani humo, wala nyumba ya mtu haitambulikani. Lakini shamba, msitu, ziwa na barafu huonekana vema. Na anayejua kuhesabu miraba anaweza kupima ukubwa wa barafu akiwa amekaa katika chumba cha kompyuta cha shule.

Sasa tubishe hodi. Mtu akiiendea hifadhi na kuuliza, "Je, barafu ya Kilimanjaro imepungua?" hatapata jibu. Hifadhi si mzee wa kijiji, haijui kusimulia. Yenyewe hujibu maswali matatu tu: Wapi? Lini? Kitu gani? Kazi ya mtafutaji ni kulivunja swali lake kubwa mpaka liwe maswali hayo matatu.

Swali la kwanza ni Wapi. Unaweza kuandika jina la mahali, au kuchora mraba juu ya ramani iliyomo, au kuandika latitudo na longitudo. Njia hii ya mwisho ndiyo iliyo sahihi zaidi, lakini yataka uangalifu. Kilele cha Kibo kiko kiasi cha digrii 3.07 kusini na digrii 37.35 mashariki. Hifadhi haiandiki "kusini". Huweka alama ya kutoa, yaani -3.07. Mtu akiisahau alama hiyo ndogo, atapelekwa digrii 3.07 kaskazini, nako si kwenye theluji bali ni katika jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Na akigeuza namba, ya mbele ikawa nyuma, atajikuta Hispania ya kusini, karibu na mji wa Guadix. Kompyuta haitamwambia kwamba amepotea. Itamletea picha nzuri za Hispania, tena kwa haraka.

Landsat ina namna nyingine pia ya kutaja mahali. Dunia imegawanywa katika njia 233, na kila njia katika safu 248, na kila picha ina namba ya njia na namba ya safu. Picha ya Kilimanjaro ni njia ya 168, safu ya 62. Upana wake ni kilomita 185 hivi, kwa hiyo mnaonekana mji wa Moshi na pia mbuga ya Amboseli upande wa Kenya. Ukizishika namba hizo mbili, hutapotea tena.

Swali la pili ni Lini. Hapa wengi hufanya haraka. Huandika mwaka wanaoutaka na kuchukua picha ya kwanza wanayoletewa. Lakini sisi wa Afrika ya Mashariki tunajua kwamba mwaka una majira. Picha ya Aprili, wakati wa masika, haiwezi kulinganishwa na picha ya Agosti, wakati wa kiangazi. Mwenye kulinganisha shamba la Aprili na shamba la Agosti atasema nchi imegeuka jangwa katika miezi minne! Sharti mwezi ulingane na mwezi, na majira yalingane na majira.

Liko na jambo dogo la saa. Hifadhi huandika saa ya Greenwich, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Ukiona picha ya Kilimanjaro imeandikwa 07:40, usidhani ni saa saba mchana. Ongeza saa tatu, utapata 10:40, ambayo kwetu ni saa nne na dakika arobaini asubuhi. Kwa kawaida huo ndio wakati Landsat ipitapo kwetu.

Swali la tatu ni Kitu gani. Katika hifadhi ya NASA ziko aina nyingi sana za habari, nazo zimepangwa katika makusanyo, na kila mkusanyo una punje zake. Mkusanyo ni kama gunia lenye jina. Punje ni faili moja la siku moja na mahali pamoja. Kwanza huchagua gunia, kisha punje. Anayetafuta punje kabla ya kujua gunia atapekua siku nzima.

Tena kila mkusanyo una kiwango chake cha matayarisho, na hapa mfano wa mahindi utatusaidia. Kiwango cha 0 ni mahindi yalivyotoka shambani, pamoja na maganda yake. Kiwango cha 1 yamemenywa na kupukuchuliwa: namba zimesahihishwa na kuwekwa mahali pake juu ya ramani. Kiwango cha 2 ni unga: namba zimegeuzwa kuwa kitu chenye maana, kama joto la nchi, au mwanga uliorudishwa na ardhi yenyewe baada ya kuondolewa athari ya hewa. Kiwango cha 3 ni unga uliopimwa katika vibaba vilivyo sawa, dunia nzima. Kiwango cha 4 ni ugali: habari zimepikwa pamoja na hesabu za wataalamu. Ugali ni mtamu, lakini mwenye kuula na ajue kwamba mpishi ametia mkono wake. Kwa mwanafunzi anayelinganisha picha za miaka mbalimbali, kiwango cha 2 ndicho kinachofaa zaidi.

Ukisha kujibu maswali matatu, hifadhi itakuletea orodha, pengine ya mamia ya picha. Usiogope orodha hiyo, kwa kuwa jina la kila picha linasomeka. Herufi na namba za mwanzo, mathalani LC08, zasema kwamba ni Landsat 8. Kisha hufuata kiwango cha matayarisho, kisha 168062, yaani njia na safu, kisha tarehe, ikiandikwa mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku. Kutafuta ni bure na hakuhitaji kujiandikisha. Kuchukua picha kwahitaji jina na neno la siri, nako kujiandikisha ni bure vile vile.

Lakini usichukue bado. Picha nzima ya Landsat inakaribia gigabaiti moja, na sisi tunaoishi bwenini twajua intaneti yetu ilivyo. Itazame kwanza picha ndogo ya kuonjea, ambayo hufunguka upesi. Jambo la kwanza la kulitazama ni mawingu. Hifadhi hukuruhusu kusema, "Niletee picha zenye mawingu chini ya asilimia 20." Hili ni jambo jema, ila halitoshi. Asilimia hiyo ni ya picha nzima, si ya mlima. Picha yaweza kuwa na mawingu asilimia 10 tu, na yote yakawa yamekaa juu ya Kibo kama kilemba. Nyingine yaweza kuwa na asilimia 60, na kilele chenye mita 5,895 kikawa kimejitokeza juu ya mawingu yote, safi kabisa. Kwa hiyo macho yako yasiiachie kompyuta kazi yote.

Jambo la pili ni mistari myeusi. Tarehe 31 Mei 2003 kiliharibika kifaa kimoja ndani ya Landsat 7, na tangu hapo kila picha yake ilikosa kiasi cha asilimia 22 ya nchi, ikawa na mistari kama ya pundamilia. Mistari hiyo si barabara wala si mifereji. Jambo la tatu ni pengo. Katika miaka ya 1980 na 1990 picha za sehemu zetu ni chache, kwa kuwa Landsat 5 haikuwa na kinasa cha kuweka picha ndani yake. Ilitegemea vituo vya kuipokea palepale. Ukikosa picha ya mwaka fulani, usiseme hakuna kilichotokea mwaka huo. Kukosekana kwa picha si kukosekana kwa jambo.

Sasa twaweza kurudi kwa wale wasemaji wawili. Juu ya Kibo kuna vitu viwili vyeupe: theluji na barafu. Theluji huanguka, hukaa siku au majuma machache, kisha hutoweka. Barafu ndiyo iliyokaa miaka mingi. Baada ya theluji kuanguka, mlima wote huwa mweupe, na barafu hufichika chini yake. Kwa hiyo picha nyeupe ya msemaji wa kwanza haikuthibitisha kwamba barafu ni nyingi, wala picha moja nyeusi ya msemaji wa pili haikuthibitisha kwamba barafu imepungua, maana hatukuonyeshwa ilikuwaje kabla yake. Njia iliyo sawa ni hii: kwa kila mwaka, tazama picha zote za miezi ya kiangazi, na uchague ile yenye weupe mdogo kuliko zote. Weupe usioondoka, huo ndio barafu. Kisha hesabu miraba yake, uandike, uendelee na mwaka mwingine. Na kama huna hakika kwamba weupe ni wingu au ni theluji, fungua namba za miali ya infraredi, isiyoonekana kwa macho ya binadamu. Katika baadhi ya miali hiyo wingu hung'aa, na theluji huwa nyeusi.

Wataalamu wamekwisha kufanya kazi ya namna hii kwa kutumia ramani za kale, picha za ndege na picha za setilaiti. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na kilomita za eneo 12 hivi. Mwaka 2009 watafiti walioongozwa na Lonnie Thompson waliandika kwamba hadi mwaka 2007 asilimia 85 ya barafu hiyo ilikuwa imetoweka. Kwa miraba yetu ya mita 30, ni sawa na kushuka kutoka miraba 13,300 hadi 2,000 hivi. Basi msemaji wa pili alikuwa karibu na ukweli kuliko mwenzake, ingawa ushahidi wake haukutosha.

Hata hivyo picha husema kiasi, haisemi sababu. Wako wanaotilia mkazo joto la dunia, na wako wanaotaja ukavu wa hewa na uchache wa theluji mpya tangu mwisho wa karne ya 19, kwani barafu ya huko juu haiyeyuki tu, bali hugeuka mvuke moja kwa moja. Hayo hayaonekani katika mraba wa mita 30.

Na liko jambo jingine, ambalo kwetu tuliozaliwa miteremkoni mwa mlima ni kubwa kuliko mdahalo. Mama zetu hawanyweshei migomba yao kwa barafu. Maji ya mifongo yaliyochimbwa na wazee hutoka hasa kwenye mvua na msitu unaouzunguka mlima. Sehemu inayotokana na barafu ni ndogo mno. Kwa hiyo mtu anayehangaikia maji, akaitafuta hifadhi nzima kwa ajili ya kilele peke yake, ameuliza Wapi kwa makosa. Yampasa ashushe macho mpaka msituni. Mathalani, Oktoba 2020 moto mkubwa uliwaka mlimani. Kwa kutafuta picha za kabla ya mwezi huo na za baada yake, mtu aweza kuona mahali palipoungua, kupapima, na kufuatilia mwaka baada ya mwaka kama miti na majani yanarudi. Hilo ni swali ambalo jibu lake laweza kumfaa hata yule anayesubiri zamu yake ya maji mfongoni.

Lakini baada ya kuona, ni lazima kwenda. Mraba uliogeuka kutoka kijani kuwa kahawia waweza kuwa msitu uliokatwa, au shamba lililovunwa, au majani yaliyokauka kwa kiangazi. Aliye South Dakota hawezi kutofautisha kwa urahisi. Mzee aliye kando ya shamba hilo anajua. Cooley alijifungia na vitabu vyake London wala hakuuliza. Nasi tusije tukawa kama yeye, tukajifungia na picha zetu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na kuuliza hifadhi hakutuondolei wajibu wa kuuliza watu.

Sisi wa Kidato cha Nne tu karibu kuondoka. Kwa hiyo nina ombi kwa wadogo zetu wa vidato vya chini, na kwa mwalimu wetu wa jiografia akiona vema. Na iwekwe daftari moja katika chumba cha kompyuta. Kila mwaka, kiangazi kikifika, wanafunzi wawili watafute picha moja njema ya njia ya 168, safu ya 62, wahesabu miraba ya barafu na miraba ya msitu, waandike namba hizo pamoja na tarehe ya picha na jina lake lote, ili atakayekuja baadaye aweze kuirudia hesabu na kuisahihisha. Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja tu. Baada ya miaka kumi shule yetu itakuwa na ushahidi wake yenyewe, ulioandikwa kwa mikono ya watoto wa nchi hii, na siku ya mdahalo hapatakuwa na haja ya kupiga kura.